Q mbili mkononi, watu 11, tiketi 10: kisa cha fundi simu wa Mwanga

Watu 11 wamebaki, tiketi ziko 10. Mkononi una Q mbili, ya kopa na ya shupaza. Mtu mwenye chipu nyingi kuliko wote mezani amesukuma zote, yaani ameziweka zote kwenye dau, wengine wamekwisha kutupa karata zao, na wewe ndiye pekee uliyebaki wa kumjibu. Unafuata, yaani unaweka na wewe chipu zako, au unatupa karata na kuuacha mgao huo?

Swali hilo lilimkuta kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Mchana anatengeneza simu, usiku anacheza poka mtandaoni, na hapa nitamwita Fundi. Alifuata, akashinda. Kesho yake akanirushia kumbukumbu ya mgao huo pamoja na maneno haya: "Kaka, ona nilivyomla Mbrazili." Niliisoma mara mbili, nikamjibu kwamba alikosea, tena si kidogo. Hajanielewa mpaka leo, na sishangai, kwa sababu karibu kila anachofundishwa mchezaji wa poka kinamwambia Q mbili hazitupwi.

Kwanza aina ya mashindano. Hayakuwa yale ya kawaida ambayo wa kwanza anazoa fungu kubwa na wengine wanagawana kinachobaki. Yalikuwa setilaiti, yaani mashindano madogo ambayo zawadi yake ni nafasi ya kuingia kwenye makubwa. Ndiyo njia aliyopita Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, ambaye mwaka 2003 alianza na setilaiti ya mtandaoni ya dola 86, akapata kiti kwenye Main Event ya World Series of Poker kule Las Vegas ambako kiingilio kilikuwa dola 10,000, akawa wa kwanza kati ya wachezaji 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Watu wengi walianza poka ya mtandaoni baada ya kusikia habari ile. Wanachokisahau ni kwamba setilaiti ina kanuni yake: anayemaliza na chipu 100,000 na anayemaliza na chipu 100 wanapewa kitu kilekile.

Ya Fundi ilikuwa na kiingilio cha dola 5.50, dola 5 zinaingia kwenye mfuko wa zawadi, senti 50 ni za kampuni inayoendesha mchezo. Waliingia watu 100, mfuko ukawa dola 500, zikatoka tiketi 10 za dola 50 kila moja. Kila mtu alianza na chipu 3,000, kwa hiyo kwenye mchezo mzima kulikuwa na chipu 300,000, hazipungui wala haziongezeki.

Walipobaki 11 zilikuwepo meza mbili. Kwa Fundi walikaa sita: Mbrazili (namwita hivyo kwa bendera iliyokuwa kando ya jina lake) alikuwa na 61,000, Fundi 42,000, halafu 27,000, 24,000, 19,000 na 9,000. Meza ya pili walikuwa watano: 45,000, 31,000, 22,000, 14,000 na mmoja aliyekuwa anapumulia mashine na 6,000. Fundi, basi, alikuwa wa tatu kati ya watu 11, na kilichokuwa kinasubiriwa ni mtu mmoja tu adondoke.

Madau ya lazima, ambayo wachezaji tunayaita blaindi, yalikuwa 1,500 na 3,000, na kila mtu alitoa ante ya 300 kila mgao. Fundi alikuwa kwenye blaindi kubwa, Mbrazili kwenye blaindi ndogo. Wanne wa mbele wakatupa. Mbrazili akasukuma zote.

Nilipomuuliza Fundi aliwaza nini, alijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakusema "nilijisikia". Alisema Mbrazili alikuwa anasukuma kila anapopata nafasi kwa robo saa nzima, kwa hiyo angeweza kuwa na karata yoyote. Q mbili dhidi ya karata yoyote ile zinashinda mara 80 katika 100. Na bei ya kufuata ilikuwa nzuri. Alikuwa amekwisha kutoa 3,300, amebakiwa na 38,700 za kuweka, na akishinda angekusanya 85,200: zake 42,000, za Mbrazili 42,000 za kulingana na hizo, na ante 1,200 za wale wanne waliotupa. Gawanya 38,700 kwa 85,200, unapata kama asilimia 45. Ukiwa na asilimia 80 wakati unahitaji 45, nani atatupa?

Hesabu hiyo haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba inahesabu chipu, na usiku ule hakuna aliyekuwa anapewa chipu.

Tuhesabu tiketi sasa. Akitupa, Fundi anabaki na 38,700. Mzunguko mmoja wa meza ya watu sita unamgharimu 6,300: blaindi zote mbili ni 4,500, ante sita ni 1,800. Kwa hiyo angeweza kukaa mizunguko sita bila kugusa karata. Yule wa 6,000 kwenye meza ya pili, yenye watu watano, analipa 6,000 kwa mzunguko, yaani chipu zake zinaishia kwenye mzunguko mmoja kamili. Wa 9,000 hapo pembeni ya Fundi ana mzunguko mmoja na nusu. Ili Fundi akose tiketi baada ya kutupa, ingebidi hawa wawili wote wanusurike, na wa 14,000 naye, na wa 19,000 naye, na wengine wote, huku yeye peke yake akipukutika. Nikimwekea nafasi ya asilimia 97 ya kupata tiketi nakuwa mchoyo, lakini tuishike hiyo 97.

Akifuata, akishindwa ametoka. Ni wa 11, hapati kitu. Akishinda, tumpe tiketi moja kwa moja, asilimia 100. Kwa hiyo kufuata kunampa asilimia 80 ya tiketi, na kutupa kunampa 97. Kwa fedha, kutupa kuna thamani ya dola 48.50 na kufuata kuna thamani ya dola 40. Kwa kubonyeza kitufe kimoja alichoma dola 8.50, kwenye mashindano aliyoingia kwa dola 5.50.

Hapo ndipo aliponiuliza lile swali ambalo kila mtu huliuliza: "Hata ningekuwa na A mbili, kaka?" Hata A mbili, mdogo wangu. A mbili dhidi ya karata yoyote zinashinda mara 85 hivi. 85 bado iko mbali na 97. Tena tuende mbali zaidi: hata kama Mbrazili angezifunua karata zake kabla hujajibu, hakuna pambano la karata mbili kwa mbili, kabla ya karata tano za mezani, ambazo wote mnazitumia, kufunuliwa, linalofika 97. Ukiwa na K mbili na mwenzako ana K na 2 zisizo za aina moja, pambano la upande mmoja kabisa, bado unaishia kwenye 95. Maana yake Fundi hakuhitaji hata kuzitazama karata zake. Umeme ungekatika Mwanga nzima na bando likaisha pale pale, programu ingemtupia karata kila mgao na angeamka na tiketi yake.

Setilaiti ikifika hapo ni boti ya Kibirizi yenye nafasi kumi. Ukishapanda umepanda, nahodha hakuulizi una mzigo kiasi gani, na hakuna sababu ya kushuka ukapigane na mtu ufukweni ili urudi na magunia mawili zaidi.

Mgao wenyewe uliendaje? Mbrazili alifunua K na 9, zote za pau. Zikaja mezani 9 ya uru, 4 ya kopa, 2 ya shupaza. Tayari ana jozi, na karata tano zingeweza kumwokoa: K tatu na 9 mbili zilizobaki, huku karata mbili zikiwa bado kufunuliwa. Uwezekano wake ulikuwa kama moja kwa tano. Ikaja 6, ikaja J. Fundi akakusanya 85,200. Mbrazili akabaki na 19,000.

Tazama sasa kilichobadilika. Wachezaji walikuwa wangapi kabla ya mgao? 11. Baada ya mgao? 11. Mbrazili hakutoka, kwa sababu alikuwa na chipu nyingi kuliko Fundi tangu mwanzo. Yaani Fundi aliweka rehani mashindano yote, akashinda, na bado alikuwa anasubiri mtu yuleyule mmoja adondoke kama alivyokuwa anasubiri dakika moja kabla. Faida aliyoipata ni zile asilimia tatu za kutoka 97 hadi 100. Alihatarisha 97 ili apate 3. Baada ya migao michache yule wa 6,000 akaishiwa kwenye meza ya pili, tiketi zikatoka, na jirani wa Fundi, ambaye alikuwa amebakiwa na chipu za kuhesabika, akapokea tiketi ya dola 50 sawasawa na Fundi aliyekuwa na 80,000 na zaidi.

Kwamba alishinda hakusaidii hoja yake hata kidogo, ingawa najua ni vigumu kulikubali hilo ukiwa na tiketi mkononi. Dhidi ya K na 9 za aina moja, Q mbili zinashinda kama mara 68. Usiku ule ulikuwa mmojawapo wa hizo 68.

Kitu kilichonivutia zaidi, na ambacho Fundi hakukiona kabisa, ni kwamba Mbrazili naye alikosea. Wengi wetu tukiona mwenye chipu nyingi anawasukumasukuma wenzake kwenye ukingo wa zawadi tunasema huyo ni mjanja, anatumia hofu ya watu. Kwenye mashindano ya kawaida ni kweli, ndiyo kazi ya chipu nyingi. Hapa alikuwa na 61,000. Alihitaji nini zaidi? Blaindi na ante za pale zilikuwa 6,300, hazimwongezei hata robo ya asilimia ya tiketi. Na kati ya watu wote wa meza ile alimchagua mtu pekee aliyeweza kumpunguza hadi 19,000. Kama alitaka kusukuma, angemsukumia wa 9,000 au wa 19,000, ambao wakimfuata na kushinda hawamtoi damu nyingi. Alitegemea Fundi awe mtu anayejua kutupa. Fundi hakuwa mtu huyo bado.

Wawili wenye nguvu wakagongana bila sababu, na wa kunufaika alikuwa nani? Tiketi ni 10 tu, haziongezeki. Asilimia walizozipoteza wawili hao hazikuyeyuka hewani, zilihamia kwa wengine tisa, hasa yule wa 6,000 wa meza ya pili. Kwa sekunde zile chache alikuwa na moja kwa tano, kisha kama moja kwa tatu karata zilipofunuliwa, ya kupata tiketi bila kucheza chochote. Natumaini alikuwa anatazama.

Nisieleweke vibaya: mgao huuhuu kwenye mashindano ya kawaida, Fundi anafuata na mimi napiga makofi. Kule zawadi zinapanda ngazi, na chipu za ziada zina kazi ya kufanya. Lakini hata kule chipu hazina thamani ileile kila mahali, na hapo inakuja hesabu inayoitwa ICM (Independent Chip Model), inayogeuza chipu zako kuwa thamani ya fedha. Msingi wake ni fomula aliyoichapisha mwanatakwimu David Harville mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi. Mwandishi wa vitabu vya poka, Mason Malmuth, akaileta kwenye poka miaka ya 1980. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni fungu lako la chipu. Nafasi ya pili inahesabiwa kwa kumwondoa mshindi na kugawa upya kwa waliobaki, na kuendelea hivyo.

Mfano mmoja unatosha. Wamebaki wanne wenye chipu sawa, zawadi ni dola 50, 30 na 20, wa nne hapati kitu. Kila mmoja ana thamani ya dola 25. Wawili wakasukuma, mmoja akamtoa mwenzake. Sasa ana nusu ya chipu zote, na wale wengine wawili wana robo robo. Je, ana dola 50? Hapana. Ana nusu ya kuwa wa kwanza, theluthi ya kuwa wa pili, na sehemu moja kwa sita ya kuwa wa tatu: 25 jumlisha 10 jumlisha 3.33, yaani dola 38.33. Chipu zimeongezeka maradufu, fedha imeongezeka nusu tu. Ndiyo maana pale unahitaji ushindi wa asilimia 65 ili ufuate, si 50. Q mbili dhidi ya mtu anayesukuma karata yoyote zina 80, zinapita. Kwenye setilaiti kizingiti kimepanda hadi 97, na hakuna karata inayokiruka.

Programu za kukokotoa ICM zipo za bure, na Fundi ameshaweka moja kwenye simu. Kampuni nyingi za poka zinakataza kuzitumia mgao ukiwa unaendelea, na wanaokamatwa wanafungiwa akaunti pamoja na fedha zilizomo. Zitumie kesho yake, kwa utulivu, kama tulivyofanya sisi. Na kwa kuwa nimegusa fedha: nchini kwetu michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Angalia leseni kabla hujaweka hata senti, na weka ile ambayo ikipotea hautakopa nauli.

Turudi mezani, kwa sababu kisa hiki kina upande mgumu. Fundi alikuwa na chipu nyingi, kwa hiyo jibu lake lilikuwa jepesi. Badilisha viti. Mweke mahali pa yule wa 19,000, blaindi kubwa, msukumaji yuleyule. Akitupa anabaki na 15,700, mizunguko miwili na nusu, na watatu wako chini yake: 14,000, 9,000 na 6,000. Namkadiria asilimia 92 ya tiketi. Akifuata na A mbili anashinda mara 85, na akishinda anafikia 39,200 ambazo ni karibu tiketi kamili, tuseme 98. Zidisha, unapata 83. Bado A mbili zinatupwa. Hili Fundi amelikubali kwa shingo upande.

Mweke sasa mahali pa wa 9,000. Akitupa anabaki na 5,700, chini kidogo ya yule wa 6,000. Hapa hakuna tena kujificha. Akifuata na kushinda ana 19,200, ambazo nazikadiria asilimia 93 ya tiketi. Q mbili: 80 mara 93, kama 74. Anafuata haraka. A na 9 zisizo za aina moja zinashinda karata yoyote mara 63 hivi, kwa hiyo zinampa kama 59. Sasa, je, kutupa kunampa ngapi? Mimi nasema 60, kwa hiyo A na 9 ziko pale pale kwenye mstari. Fundi anasema 50, kwa hiyo anafuata. Na wote wawili tunaweza kuwa sahihi, kwa sababu kadirio hilo linategemea kitu ambacho hakimo kwenye meza yako: yule wa 6,000 kule kwenye meza ya pili atalipa blaindi kubwa lini. Kama inamfikia mgao ujao, wewe umekaa nyuma yake na kutupa kunapanda hadi 70. Kama ndiyo kwanza ametoka kuilipa, wewe ndiye utakayeishiwa kwanza, na hata J na 10 zinaanza kupendeza.

Kitu hicho kinaonekana. Mtu mmoja akibaki kudondoka, meza zote zinagawiwa kwa pamoja, mgao kwa mgao, kwa hiyo kuchelewesha makusudi hakusaidii tena, lakini kati ya mgao na mgao unapata nafasi ya kupumua. Unafungua orodha ya wachezaji, unaona chipu za kila mmoja. Unaifungua meza ya pili kama mtazamaji, unaona kitufe cha mgawaji, alama inayoonyesha zamu za blaindi zinaanzia wapi, kiko mbele ya nani. Fundi ana sekunde 15 za kujibu pamoja na akiba yake ya muda. Usiku ule, kwa mujibu wa kumbukumbu, alijibu kwa sekunde mbili, na meza ya pili hakuwa ameifungua hata mara moja.